Mashine Yako Bado Inawajibu Watu

Kaka Luhende,

Shikamoo. Sijui kama marehemu huamkiwa, lakini nilijaribu kuanza bila salamu nikaona kama nimeingia chumbani kwako bila kubisha hodi. Basi ipokee. Marahaba yako nitaisikia mwenyewe kichwani, na ile namna yako ya kuivuta kama mtu ambaye hajaamka vizuri.

Nakuandikia kwa mkono. Nimekaa kwenye kiti chako cha chumba cha mbele, na mashine yako inanguruma hapa pembeni. Ningeweza kuchapa. Unajua nilikuwa karani mchapaji kule ushirika wa pamba mpaka walipotupunguza, na vidole vyangu vina mbio kuliko kalamu. Lakini sitaki barua hii ipite humo ndani. Utaelewa nikifika mbele. Au hutaelewa, mimi mwenyewe sijaelewa vizuri, ndiyo maana nakuandikia.

Siku tuliyorudi Kirumba kutoka kukuzika Bujora, nyumba ilikuwa na harufu ya watu waliolala chini na kuondoka. Jirani alikuwa amefagia. Radio ilikuwa imezimwa, saa ya ukutani imesimama, pazia limefungwa. Nikasikia mngurumo kutoka chumba chako. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kuna kitu humo. Tulipofungua mlango, taa yake ya kijani ilikuwa inawaka na lile pangaboi dogo uliloliegesha ubavuni mwake linapepea, kana kwamba umetoka tu kwenda kununua sigara.

Mama alisimama mlangoni akasema kwa Kisukuma, taratibu, "Hiki bado kinapumua."

Nikanyoosha mkono kwenye swichi ya ukutani. Mama akanishika kifundo. "Kiache, Kabula. Vyote vyake vimezimwa. Hiki kiache."

Nikakiacha. Hivyo ndivyo nilivyorithi mashine, Kaka. Hakuna aliyenikabidhi. Sikuizima tu, basi ikawa yangu.

Nakumbuka ulivyoileta kutoka Dar, imeviringishwa kwenye godoro kama mgonjwa, rangi yake nyeupe imegeuka njano kwa uzee wa huko ilikotumika. Nilikuuliza fundi radio anataka nini na kompyuta. Ukasema, "Hii ni seva. Maana yake mtumishi. Inapokea barua za watu, inazitunza, inazigawa. Ni posta isiyofunga Jumapili." Nilicheka. Nilidhani ni mambo ya soko huria, kila mtu siku hizo alikuwa na kitu alichokiagiza: huyu dishi la televisheni, yule mashine ya kukoboa, yule friji za kuwekea sangara. Lakini watu wakaanza kuja. Mama mmoja alileta bahasha yenye stempu kabisa akauliza aitumbukize tundu gani. Wewe hukumcheka. Ulimkalisha, ukamwambia asome kwa sauti, ukachapa. Alfajiri iliyofuata mashine ikapiga simu Dar yenyewe, na baada ya siku chache jibu la mwanawe likatoka kwenye printa, ile inayolia kama cherehani.

Uliniita ukanifungulia sanduku langu humo ndani, lenye jina langu, ili siku moja nikusaidie kuchapa. Nikajifunza kuandika barua na kuzisoma. Hapo nikaishia. Kilichokuwa kikitendeka nyuma ya kioo sikukijua na sikukiuliza. Wewe ulikuwepo.

Sasa sikia nilivyohangaika.

Umeme unakatika kama kawaida. Zile betri mbili za lori ulizounga na kisanduku chako cha kugeuza umeme zilibeba mashine wiki za mwanzo, halafu zikaanza kuchoka kabla ya alfajiri. Fundi wa magari ndiye aliyeniambia kwamba betri hunywa maji. Sikujua. Mvua ikinyesha simu inajaa kelele kama mtu anakaanga dagaa upande wa pili, na mashine inapiga, inakosa, inapiga, inakosa. Sisimizi wamehamia chini ya kibodi kwa sababu ya ile chai yako ya sukari nyingi. Na kinachonichanganya kuliko vyote ni kwamba jana nabonyeza hivi inatii, leo nabonyeza vilevile inaniandikia Kiingereza kikali kama mwalimu aliyeudhika. Mtu ukimkosea unajua umemkosea wapi. Hii inakununia tu.

Halafu siku nyingine, bila mimi kufanya lolote, barua zinateremka zote, na nakaa hapa nikisikia printa inalia, nafurahi mpaka naona aibu, kwa sababu msiba haujaisha na mimi nafurahia karatasi.

Mama alikuwa anaamka alfajiri kuisikiliza ikipiga simu. Ule mlio wa kukwaruza unapoanza, na baadaye unatulia, alikuwa anasema akiwa kitandani kwake, "Haya, ameamka." Sikujua anamsema nani. Sikumuuliza.

Sasa ndiyo nafika kwenye jambo lenyewe.

Unamkumbuka Mzee Bwire, Mjita wa pale chini karibu na soko la samaki, yule anayekuita Ruhende. Binti yake Rhoda anasomea uuguzi India, na barua zake zote hupitia kwetu. Arobaini yako ilikuwa inakaribia. Barua ya Rhoda ikaingia, nikaichapa, nikampelekea mzee pale anapokaa akishona nyavu. Akaomba nimsomee kwa sababu miwani ilikuwa nyumbani. Nikasoma salamu, nikasoma habari za mitihani, nikafika hapa: "Kaka Luhende mnishukurie sana. Safari zote nikiandika hakawii kunijibu. Hata jana amenijibu kwamba barua yangu ameipata na ataishughulikia."

Mzee Bwire aliacha nyavu. "Hiyo jana ni jana gani?" akauliza.

Nikaangalia tarehe. Ilikuwa juzi tu.

"Binti hajui kwamba Ruhende amekufa?"

"Hajui, mzee. Sijamwandikia."

"Sawa. Hajui. Lakini nani amemjibu?"

Nilirudi nyumbani nikihisi kila mtu ananitazama. Nilifikiri labda barua ilichelewa njiani. Nilifikiri kuna mtu Dar anatumia jina lako. Nilifikiri mambo mengine ambayo siyaandiki. Mzee Bwire si mtu wa kutangaza, lakini alikuja jioni kumpa Mama pole, na kwa nia njema kabisa akamsimulia. Nilikuwa jikoni. Nilisikia kila neno.

Kesho yake alioga, akavaa kitenge chake kizuri, akaja akaketi kwenye kigoda hapa karibu na mashine. Akasema, "Nataka kuandika."

"Kwa nani, Mama?"

"Kwa kaka yako. Si anajibu?"

Kaka, nilitaka kumwambia hapana. Lakini ningesema hapana kwa sababu gani? Mimi mwenyewe sikujua nani aliyemjibu Rhoda. Nikafungua sanduku langu, nikaandika jina lako pale juu, nikasubiri. Mama akasema mara moja, kama kitu alichokuwa amekitafuna kwa wiki nyingi: "Mwulize kama alinisubiri."

Wewe unajua anasema nini. Labda hujui, kwa sababu siku ile hukuwa unajua mengi. Mama alikuwa Sengerema akimuuguza Mama mkubwa. Malaria ilikupanda kichwani ghafla, tukakukimbiza hospitali, na mimi nikahangaika na simu kumtafuta Mama, laini ikagoma. Mwishowe tulimtuma mtu. Mama alipofika kivukoni magugu maji yalikuwa yameziba ghuba, kivuko kimekwama kikihangaika kama ng'ombe kwenye matope. Alisimama pale ng'ambo akiiona Mwanza, mawe yake na kila kitu, asiweze kuvuka. Alipofika tulikuwa tumeshakufunika.

Nikachapa: Mama anauliza kama ulimsubiri. Nikatuma.

Sikuwa hata nimeondoa mkono kwenye kibodi, ikalia kidogo. Sanduku langu likaonyesha barua moja mpya. Kutoka kwako.

Mama akasema, "Inasema nini?"

Nikasoma, kwa sababu alikuwa ananitazama mdomo: "Nimepata barua yako, asante. Nipe muda kidogo, nitaishughulikia. Luhende."

Mama akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei akaridhika. Akainuka, akaenda kuanika dagaa.

Mimi nilibaki. Baada ya muda nikaandika tena: Kaka, uko wapi? Ikajibu: Nimepata barua yako, asante. Nipe muda kidogo. Nikaandika upuuzi, nikagonga vidole vyangu popote. Asante, nipe muda kidogo. Hapo nikaelewa nusu. Ilikuwa kasuku. Ulimfundisha neno moja, ukaondoka, na yeye anaendelea kulisema. Lakini sikujua ulimfundisha lini, wala kwa nini, wala namna ya kumnyamazisha, na nusu niliyoielewa haikunisaidia kumweleza Mama. Kila alfajiri alikuwa anakuja na kigoda chake. Haulizi kitu. Anakaa mpaka barua ziishe kuteremka, ananitazama, mimi natikisa kichwa, anakwenda zake.

Arobaini ikafika, Baba mdogo akaja kutoka Bujora kupanga kuanua matanga. Alileta mchele na mbuzi, alikuwa amejiandaa. Mama akamwambia, "Bado. Nasubiri jibu."

Baba mdogo hakuelewa. Nikaeleza kadiri nilivyoweza, na jinsi nilivyokuwa naeleza ndivyo nilivyozidi kusikika kama mwendawazimu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kabula mwanangu, wewe umesoma. Unamwacha mama yako anaongea na sanduku?"

"Sijamwacha, Baba. Sijui nimwambie nini."

"Mwambie mtoto amekufa. Kisha zima hilo dude, au mimi nitalizima kwa shoka."

Mama alikuwa nje akitusikia. Aliingia akasema kwa sauti ya kawaida, "Shemeji, ukiligusa utarudi Bujora na mbuzi wako." Baba mdogo alilala sebuleni bila kula. Nyumba nzima ilikuwa imekasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Kuwa mkweli, nilikukasirikia wewe.

Alfajiri ile mashine haikulia.

Nilizinduka kwa ukimya. Nikamkuta Mama tayari kwenye kigoda, mikono mapajani, na Baba mdogo amesimama mlangoni na shuka lake, anatutazama. Taa ya kijani ilikuwa imezimika. Umeme ulikuwepo. Mama aliondoka akaenda kukaa kizingitini, uso ziwani.

Nikafungua kifuniko. Unakumbuka ule moshi wa wadudu wa ziwani, unaosimama juu ya maji kama mtu anachoma nyasi, kisha upepo unauleta mjini? Ulikuwa umekuja jioni wakati tunagombana, na dirisha lilikuwa wazi. Kaka, ndani walikuwa wamejaa. Wamejishindilia kwenye pangaboi la ndani na kila upenyo kama unga uliolowa. Baba mdogo alichungulia begani kwangu akasema, "Hawa kule ng'ambo ya ziwa watu huwakaanga wakala," na hilo ndilo neno la kwanza la amani alilosema tangu jana yake.

Nikachukua burashi ya cherehani ya Mama na manyoya ya kuku. Nikasafisha asubuhi yote. Baba mdogo alishika tochi bila kuombwa. Sikujua ninagusa nini. Nilikuwa naogopa kila kipande kama yai. Nilipowasha, haikuwaka. Nikafunga, nikafungua, nikaipuliza, nikawasha tena, ikawaka. Kwa nini mara ya pili na si ya kwanza, sijui mpaka leo. Nilicheka peke yangu nikiwa na mabawa ya wadudu kwenye nywele, na Baba mdogo akacheka pia, kisha tukakumbuka msiba tukaacha.

Hapo simu ikalia. Simu ya kawaida, ya mtu. Nikaipokea.

"Luhende, vipi bwana? Asubuhi hukushika laini kabisa. Nimekusubiri mpaka nimechelewa kupiga mswaki."

Alikuwa Hamisi, yule mtu wako wa Dar ambaye mashine yake hupokea barua zetu. Ulikuwa unamtaja kama mtu wa nyumbani, nami nilidhani mmesoma pamoja.

Nikamwambia. Nilimwambia vibaya, ghafla, kwa sababu sikuwa nimejiandaa. Akasema, "Dada, lakini kila asubuhi tunaongea." Kisha akajisahihisha. "Mashine zinaongea. Mimi nikiona imeshika, nasema mwenzangu mzima." Akaniambia hamkuwahi kuonana. Hajui hata ulikuwa mrefu au mfupi. Nikamwambia ulikuwa mrefu. Akasema, "Nilijua," na nikamsikia akipenga kamasi.

Alipotulia nikamwuliza habari ya majibu. Akaeleza: watu walikuwa wanapiga simu mchana kutwa kuuliza kama barua zao zimefika, zinakukatiza kazi za radio, ndipo akakufundisha kuweka jibu la kudumu. "Ni faili moja tu, dada. Lifungue ufute, itanyamaza. Nitakuelekeza sasa hivi."

Akanielekeza. Nikalifungua. Nikayaona maneno yako yamekaa peke yake kwenye kioo cheusi: asante, muda kidogo, jina lako. Hamisi akasema, "Sasa futa." Kidole kilikuwa juu ya kibodi. Nikamwambia, "Kaka Hamisi, naomba upige tena jioni." Hakuuliza kwa nini.

Nilikwenda kizingitini nikaketi karibu na Mama. Nilimwambia yote: mashine, faili, neno moja uliloifundisha kabla hujaugua. Nilisema, "Mama, hakuwa yeye. Hatajibu. Nisamehe kwa kukusomea."

Mama aliendelea kutazama ziwa. Akasema, "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Mwanangu hajawahi kuniambia asante kwa kumuuliza swali."

Nikamwuliza, sasa kwa nini kukaa kwenye kigoda kila alfajiri, kwa nini kumfukuza shemeji yake na mbuzi? Akasema, "Kila niliyemuuliza amenijibu upesi. Daktari amesema hakuteseka. Padri amesema amepumzika. Baba yako mdogo amesema ni mapenzi ya Mungu. Wote wanajibu kabla sijafunga mdomo. Hiyo peke yake ndiyo iliyoniambia nipe muda." Kisha akanigeukia. "Na wewe ndiye uliyekuwepo. Wewe hujaniambia chochote."

Ni kweli, Kaka. Hakuwa ameniuliza, na mimi sikuwa na jibu zima la kumpa. Basi nikampa lile nililo nalo. Nilimwambia kwamba mchana ule hospitalini ulikuwa hutulii, macho yako yanapita juu yangu kama hunijui, na ulikuwa unasema neno moja tu, unalirudia: "Imeshika? Imeshika?" Kila asubuhi ulikuwa unauliza hivyo ukiwa bado kitandani, laini ya Dar imeshika? Basi nilidhani unaota mashine. Lakini siku hiyohiyo ulikuwa umenisikia nikilalamika kwamba simu ya Sengerema haishiki, kwamba Mama hapatikani. Inawezekana ulikuwa unaulizia hiyo. Mimi nilikujibu, "Imeshika, Kaka, tulia," nikiwa nafikiria mashine. Ukatulia. Sijui nilikuambia kitu gani. Sijui ulisikia kitu gani. Nimelizungusha neno hilo kichwani mpaka limekuwa kama neno la lugha nyingine.

"Sijui, Mama," nikasema. "Sijui kama alikusubiri. Sijui kabisa."

Nilidhani nimemuua. Akaokota mabawa ya wadudu kwenye nywele zangu moja moja, akayapeperusha. Baadaye akasema, "Haya. Hujui." Akalirudia kama anapima uzito wake. "Hilo naweza kulibeba." Akainuka akamwita Baba mdogo, akamwuliza mbuzi wake amefungwa wapi.

Jioni Hamisi alipopiga, nilifuta maneno yako. Nilimwuliza kwanza kama yakifutwa yanakwenda mahali, akasema hayaendi popote. Nikaandika mengine. Yanasema kwamba Luhende amefariki, kwamba barua imefika na itamfikia aliyeandikiwa, na kwamba anayeandika haya ni mdogo wake, Kabula, ambaye bado anajifunza, avumiliwe. Hamisi akasema ni marefu mno kwa jibu la kudumu. Nikamwambia yakae hivyohivyo.

Pole zimeanza kuja sasa, kutoka mahali ambapo sikujua una watu. Rhoda ameandika, nusu yake kwa Kijita, nikampelekea baba yake atafsiri, akashindwa kumaliza. Mtu mmoja anasema ulimfundisha kutengeneza radio kwa barua tu, hajui hata Mwanza iko upande gani wa nchi. Nazichapa zote nampa Mama. Ameziweka kwenye sanduku la nguo.

Matanga tulianua Bujora Jumamosi; hata mbuzi tulirudi naye. Kulikuwa na watu wengi kuliko siku ya mazishi. Baba mdogo alisimama kusema mambo ya ukoo, kisha, bila kunitazama, akatangaza kwamba mwenye mtoto nje ya nchi na anataka kumwandikia, barua zinapokelewa Kirumba kwa Kabula. Sijui alibadilika saa ngapi. Labda aliposhika tochi.

Na leo asubuhi nimemsindikiza Mama kivukoni. Anakwenda Sengerema kumalizia kumuuguza dada yake. Ilikuwa mara ya kwanza kukanyaga pale tangu siku ile. Magugu yalikuwepo, machache, yamesukumwa pembeni. Niliogopa kwamba atageuka. Alinipa khanga yake nishike, akafunga nyingine kiunoni vizuri, akapanda, akatafuta mahali pa kukaa akakosa, akasimama akishikilia chuma cha pembeni. Kivuko kiliondoka bila shida yoyote. Kilivuka kama maji hayajawahi kuwa na kitu. Nilisimama nikikitazama, nikashindwa kujua nifurahi au nipige kelele, kwa maana mbona leo imekuwa rahisi hivi.

Nimerudi nimekuta printa imekula karatasi na betri moja inavuja. Mzee Bwire amekaa mlangoni ananisubiri, anataka kumwambia Rhoda kwamba nyavu mpya zimeanza kushika. Nitamwandikia nikimaliza hapa.

Basi kwaheri, Kaka. Pumzika, kama huko kuna kupumzika. Hilo nalo sijui, nami nimeacha kujifanya. Kiwanja chako cha Kiseke, ulichotaka kujenga, tutakilima mahindi kwanza, mambo ya nyumba baadaye. Mama nitamtunza. Mashine yako nitaiendesha mpaka itakaponishinda, na siku itakaponishinda nitaizima mwenyewe, mchana, Mama akiwepo, na nitasema kwa mdomo wangu kwamba nimeizima.

Mdogo wako,
Kabula